Boneti Ndefu na Kiti cha Nyuma

Tarehe 15 Aprili 2021 Mercedes-Benz walizindua EQS, sedani yao kubwa ya kwanza iliyochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya umeme. Mstari wa paa lake ulianzia karibu na bampa ya mbele, ukapanda juu ya kioo, ukateremka hadi kwenye buti bila kukatika popote. Wasanifu wenyewe waliuita upinde mmoja. Boneti ilikuwa fupi, tena mwenye gari hakutakiwa kuifungua kabisa: maji ya kusafishia kioo yalimiminwa kupitia kidirisha kidogo kwenye madigadi ya kushoto. Mahali pa grili, ambayo magari ya Mercedes yaliibeba usoni tangu mwaka 1901, paliwekwa bamba jeusi linalong'aa. Kipimo cha ukinzani wa hewa kilikuwa 0.20, kidogo kuliko cha gari lolote lililokuwa likitengenezwa kwa wingi wakati huo.

Mwezi Oktoba 2025, mjini Shanghai, kampuni hiyohiyo ikaonyesha gari la maonyesho liitwalo Vision Iconic. Nalo ni la umeme. Lakini boneti yake ni ndefu kana kwamba chini yake kuna injini kubwa ya petroli, na grili imesimama wima, pana, imezungushiwa kromu na taa. Kwa miaka minne na nusu Wajerumani walikuwa wametoka ncha moja ya hoja wakafika ya pili. Kilichowageuza kiko China zaidi kuliko Ujerumani, na kilianza kujengeka zamani, wakati hakuna mtu Stuttgart, kwenye makao makuu ya Mercedes, aliyekuwa akiyahofia magari ya Wachina.

Boneti ndefu haikuanza kama pambo. Mwaka 1901 mhandisi Wilhelm Maybach alipomtengenezea mfanyabiashara Emil Jellinek gari la kwanza kubeba jina la Mercedes, aliweka injini mbele na rejeta yenye vitundu vingi mbele ya injini. Nguvu ilipohitajika zaidi, silinda ziliongezwa, na silinda zilizopangwa kwenye mstari zilidai urefu. Silinda 6 zilidai boneti ndefu kuliko 4, na silinda 8 ndefu zaidi. Mpita njia asiyejua lolote kuhusu injini aliweza kusoma utajiri wa mwenye gari kwa kutazama umbali kati ya taa na kioo. Rejeta nayo ilihitaji hewa, kwa hiyo uso wa gari ulikuwa mrefu na wa wima. Hivyo hitaji la fundi likageuka alama ya cheo, na alama hiyo ikaendelea kuishi hata pale mafundi walipokuwa hawaihitaji tena.

Wapo waliojaribu kuivunja mapema. Mhandisi Paul Jaray alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba umbo la tone la maji hupasua hewa kwa urahisi, na mjini Stuttgart profesa Wunibald Kamm aliendeleza sayansi hiyo katika miaka ya 1930. Marekani, mwaka 1934, kampuni ya Chrysler ilitoa Airflow, gari lililochongwa kwa kufuata majaribio ya handaki la upepo chini ya mhandisi Carl Breer. Lilikuwa tulivu barabarani, na abiria wa nyuma walikaa mbele ya ekseli badala ya juu yake. Wanunuzi walilitazama usoni, wakaona pua butu badala ya grili iliyosimama, wakaondoka. Kufikia mwaka 1937 Airflow ilikuwa imekwisha. Naliona tukio hilo kuwa muhimu kuliko mengi yanayosimuliwa kuhusu magari ya karne iliyopita, kwa sababu lilikuwa onyo kamili, lenye tarehe na hasara yake, kwa yeyote atakayetaka kumuuzia tajiri umbo la upepo.

Baada ya vita Mercedes walishika njia ya heshima. Gari lao la 600, lililotoka mwaka 1963, lilibeba marais, wafalme na mapapa. Katika Afrika Mashariki nyota ile juu ya boneti ilizaa jina la tabaka zima, Wabenzi, na kila aliyelitamka alijua ni watu wa aina gani. Mwaka 1972 likaja rasmi jina la S-Class. Kisha bei ya mafuta ikapanda baada ya 1973, na Bruno Sacco, Mwitaliano aliyekabidhiwa usanifu wa Mercedes mwaka 1975, akalazimika kutafuta suluhu kati ya upepo na cheo. S-Class yake ya mwaka 1979 ilikuwa nyepesi na laini kuliko iliyoitangulia, lakini grili ilibaki, nyota ilibaki, na boneti ilibaki ndefu. Sedani za umbo hilo ziliuzwa zaidi ya 800,000. Sacco alishikilia kanuni mbili: magari yote ya kampuni yafanane kama ndugu, na gari jipya lisilifanye la zamani lionekane limechakaa. Kanuni ya pili ndiyo ambayo EQS iliivunja miaka 42 baadaye.

China, enzi za Sacco, ilikuwa ikianza tu kununua. Audi 100 ilianza kuunganishwa Changchun, kaskazini mashariki mwa nchi, mwaka 1988, katika kiwanda cha kampuni ya serikali ya FAW. Audi nyeusi ikawa gari la ofisa. Ofisa huyo hakuendesha. Alikaa nyuma, kulia, dereva akiwa mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Audi wakarefusha A6 kwa ajili ya China peke yake, nafasi yote ya ziada ikapewa miguu ya abiria wa nyuma. BMW na Mercedes wakafuata na matoleo yao marefu. Ulaya mwenye gari hushika usukani na kusifu namna linavyopinda kona. China, kwa sehemu kubwa ya wanunuzi wa sedani kubwa, gari lilipimwa kwa kukaa nyuma, kunyoosha miguu na kutazama dari. Mwaka 2009 China ikaipita Marekani kuwa soko kubwa kuliko yote duniani, na kuanzia hapo kiti cha nyuma kikawa ndicho kinacholipa mishahara ya Mercedes huko Stuttgart, BMW huko Munich na Audi huko Ingolstadt.

Lipo jambo jingine lililotoka Ingolstadt. Wan Gang, mzaliwa wa Shanghai, alipata shahada ya uzamivu Clausthal, Ujerumani, akafanya kazi Audi katika miaka ya 1990. Aliiona sekta ile kutoka ndani. Mwaka 2000 aliishauri serikali ya China isipoteze nguvu kuwafukuza Wajerumani kwenye injini za petroli, kwani hapo wangebaki nyuma daima. Iruke moja kwa moja hadi umeme, ambako wote wangeanza pamoja. Alirudi nyumbani, akapewa kuongoza utafiti wa magari ya umeme, na mwaka 2007 akawa waziri wa sayansi na teknolojia ingawa hakuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Sera za ruzuku, vituo vya kuchaji na viwanda vya betri zilizofuata zina alama za mkono wake. Wajerumani walimwajiri kwa miaka karibu kumi, na sijui ofisi nyingine iliyowahi kumfunza mshindani wake vizuri namna hiyo bila kukusudia.

Umeme ulipofika kwa kishindo haukutoka Ujerumani wala China. Ulitoka California. Model S ya Tesla, iliyoanza kukabidhiwa wateja Juni 2012, ilieneza mpangilio ambao leo ni wa kila mtu: betri bapa chini ya sakafu, mota kwenye ekseli, skrini kubwa katikati ya dashibodi, vitasa vya milango vilivyozama ndani ya bodi. Mpangilio huo ulimpa msanifu uhuru mwingi kwenye boneti, lakini ulimnyang'anya kitu kingine. Betri ina unene. Ikikaa chini, sakafu hupanda. Sakafu ikipanda, abiria hupanda, au magoti yake hupanda na mapaja hubaki hayana pa kuegemea. Kwenye gari refu la kwenda juu tatizo hilo halionekani. Kwenye sedani, ambayo uzuri wake wote uko katika uchini wake, kila sentimita inaumiza. Tena betri ni nzito na ghali, kwa hiyo mhandisi anataka upepo upite kwa urahisi ili gari lifike mbali: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na kwenye barabara kuu ndipo chaji inapoishia. Upepo unataka paa liteleze kuelekea nyuma. Kichwa cha abiria wa nyuma kiko palepale paa linapoteleza. Sakafu inamsukuma juu, paa linamsukuma chini, na huyo ndiye mteja wa China.

Porsche walilitatua kwa kukata. Katika Taycan, iliyozinduliwa Septemba 2019 kwa wakati mmoja katika mabara matatu, China ikiwamo katika kisiwa cha Pingtan, waliacha mashimo ndani ya betri pale miguu ya abiria wa nyuma inapotua. Betri ikapoteza uwezo kidogo, lakini gari likabaki chini, na mabega yake yakabaki ya Porsche. Naiona kazi hiyo kuwa usanifu wa kweli, kwa maana kuna mtu aliyekubali kupoteza kitu kinachopimika ili apate kile ambacho jicho linakitambua mara moja.

BMW hawakukata chochote. I7 ya mwaka 2022 ni bodi ileile ya 7 Series ya petroli: boneti ndefu, paa la juu, grili mbili kubwa za figo zinazowaka taa. Kipimo chake cha hewa ni 0.24, kibaya kuliko cha EQS. Nyuma, skrini ya inchi 31.3 inashuka kutoka darini na kumfunika abiria kwa sinema. Ulaya wengi waliukejeli uso wa gari hilo. Lakini Adrian van Hooydonk, mkuu wa usanifu wa kundi la BMW, na wenzake walijua linakouzwa, na hawakumdai mteja aache cheo chake ili aokoe umeme.

Mercedes, chini ya mkuu wao wa usanifu Gorden Wagener, walichagua upepo. Nao hawakuchagua nusunusu: betri ya kilowati-saa 107.8, safari ya hadi kilomita 770 kwa kipimo cha Ulaya, ukuta wa skrini wenye upana wa sentimita 141 kutoka mlango hadi mlango. Kwa sayansi, EQS ilikuwa gari la ajabu, na wahandisi walioifikisha hapo wanastahili heshima yao yote. Mwaka uliofuata Vision EQXX, gari la majaribio lililozaliwa na fikra hizohizo, lilitoka Ujerumani hadi Silverstone, Uingereza, kilomita 1,202 kwa chaji moja. Hata hivyo aliyeingia nyuma ya EQS akitegemea S-Class alikuta magoti juu na paa karibu. Aliyelitazama kutoka nje aliona gari ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote. Novemba 2022 Mercedes walilazimika kushusha bei ya EQS nchini China kwa zaidi ya yuani 230,000. Gari la heshima likishushwa bei kiasi hicho hadharani, waliolinunua mwezi uliotangulia ndio wanaoaibika, na neno hilo huenea upesi katika jamii ya watu wenye uwezo.

Wachina nao walikuwa wamefanya nini muda wote huo? Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kwa miongo mitatu kampuni zao zilikuwa mshirika mdogo katika viwanda vya ubia, zikishika mivukuto huku mgeni akifua chuma. Geely walinunua Volvo mwaka 2010, na Februari 2018 mwenye Geely, Li Shufu, akajikuta na asilimia 9.69 ya hisa za kampuni mama ya Mercedes. Wasanifu wa Ulaya wakafuata fedha hadi kampuni za Wachina. Wolfgang Egger, aliyeongoza usanifu Audi, alikwenda BYD. Giles Taylor alitoka Rolls-Royce akaenda Hongqi mwaka 2018. Stefan Sielaff, wa Audi na Bentley, alichora Zeekr. Kwa hiyo anayesema sedani za Wachina zinafanana na za Ulaya asisahau kuuliza ni mkono wa nani ulioshika penseli.

Xiaomi hawakuwahi hata kuvukuta. Walikuwa watengenezaji wa simu. Machi 2021 mwanzilishi wao, Lei Jun, alitangaza kuwa kampuni yake itatengeneza gari, na tarehe 28 Machi 2024 SU7 ikaanza kuuzwa kwa yuani 215,900, karibu robo ya bei ya Taycan nchini humo. Ilipata oda 50,000 katika dakika 27. Timu ya usanifu iliongozwa na Li Tianyuan, aliyetoka BMW, na Chris Bangle, mkuu wa zamani wa usanifu BMW, alishauri. Mabega ya gari hilo, kioo chake na mstari wa mgongo wake vilimkumbusha kila mtu Taycan. Mitandaoni Wachina waliliunganisha jina la Porsche na la Xiaomi kuwa moja. Lawama ya kuiga ina ukweli, lakini haielezi mauzo. Kipimo cha hewa cha SU7 ni 0.195, yaani upepo wa EQS ndani ya umbo lenye boneti inayoonekana kuwa boneti, jambo ambalo Stuttgart walikuwa wamelichukulia kama chaguo la ama hiki ama kile. Na mteja aliyekwisha kuzoea simu ya Xiaomi alikuta gari linaloongea na simu hiyo, na taa za nyumbani kwake, bila kusoma kitabu cha maelekezo. Mwaka 2024 Xiaomi walikabidhi zaidi ya magari 135,000. Taycan, duniani kote, mwaka huohuo zilikuwa 20,836. Mauzo ya Porsche yote nchini China yalikuwa 95,671 mwaka 2021. Mwaka 2024 yakawa 56,887.

Julai 2024 magari yanayochajiwa yalivuka nusu ya magari madogo yaliyouzwa China kwa mwezi. Hapo mteja alikuwa na kipimo kipya mkononi kila siku: skrini inayojibu upesi, sauti inayoelewa lafudhi yake, programu inayobadilika kila baada ya wiki chache. Gari la Ujerumani lililochukua miaka mingi kukamilika lilifika sokoni likiwa tayari na umri.

Pigo lililouma zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa la Xiaomi. Lilikuwa la kiti cha nyuma. NIO, kampuni ya Wachina ambao ofisi yao ya usanifu iko Munich chini ya Kris Tomasson, walianza kukabidhi ET9 mwaka 2025 kwa yuani 788,000. Katika onyesho lake walipanga glasi za shampeni juu ya boneti wakapitisha gari kwenye matuta, na glasi hazikumwagika, kwa sababu shokapu zake zinainuka na kushuka zenyewe kabla tuta halijamfikia abiria. Mei 2025 Huawei na JAC ya Anhui, kampuni iliyojulikana kwa malori na magari ya bei nafuu, walizindua Maextro S800: urefu wa mita 5.48, boneti ndefu, uso mpana, nyuma viti vya kulala, bei kuanzia yuani 708,000. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa likiongoza mauzo ya kila mwezi China kati ya magari ya zaidi ya yuani 700,000, ngazi ambayo S-Class na Panamera ya Porsche zilikuwa zimeizoea kama nyumbani. Wasanifu wa S800 hawakuvumbua umbo jipya la heshima. Waliliokota lile ambalo Mercedes walikuwa wameliweka chini.

Stuttgart waliliona hilo mapema kuliko wanavyosifiwa. Katika marekebisho ya mwaka 2024 EQS ilirudishiwa nyota iliyosimama juu ya boneti na michirizi ya kromu kwenye lile bamba jeusi, na viti vya nyuma vikaboreshwa. Wagener alisema baadaye kwamba gari lile lilitangulia wakati wake, na kwamba anayetaka S-Class ya umeme ya kuendeshwa na dereva anataka boneti na cheo. Ola Källenius, mtendaji mkuu, ameeleza kuwa siku zijazo S-Class ya petroli na ya umeme zitafanana, njia ambayo BMW waliishika tangu 2022. Audi walikwenda kinyume kabisa: kwa magari yao mapya ya umeme ya China, wanayoyaunda na SAIC, wamevua pete nne na kuandika jina kwa herufi tu. E5 Sportback, la kwanza kati ya hayo, lilitoka 2025 kwa yuani 235,900, na nyuma ya herufi hizo kuna teknolojia ya mshirika wao Mchina. Jaguar, wasiokuwa na soko kubwa la kulinda, walionyesha Type 00 mjini Miami Desemba 2024: la umeme, na boneti ndefu kuliko zote.

Sasa hata kitasa kinaamuliwa Beijing. Kitasa kilichozama ndani ya bodi kilipendwa kwa sababu kinasaidia upepo kidogo na kinapendeza sana. EQS inacho, SU7 inacho. Machi 2025 SU7 iligonga na kuwaka moto Anhui, watu watatu wakafa. Oktoba mwaka huohuo nyingine iliwaka Chengdu, na video zilionyesha wapita njia wakipigana na milango isiyofunguka huku dereva akiwa ndani. Mapema mwaka 2026 serikali ya China ilitoa kanuni: kuanzia tarehe 1 Januari 2027 kila mlango wa gari la modeli mpya lazima uwe na kitasa cha kufunguka kimakanika, nje na ndani, hata umeme ukikatika. Kampuni za Ujerumani zinazouza huko nazo zimefungwa na kanuni hiyo, na mara nyingi gari moja huchorwa kwa ajili ya dunia nzima. Kwa hiyo kitasa kitakachoshikwa na mnunuzi wa Frankfurt au Dubai kitakuwa kimeamriwa na wizara ya viwanda ya China.